Neno «Sayyid»: Baina ya Nasaba, Cheo na Amana

(Nakala ya mhadhara uliotolewa kwa wanajumuiya baada ya sala ya Tarawehe, usiku wa kuamkia mwezi 15 Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha katikati ya mwezi huu mtukufu hali ya kuwa tu wazima na tumekusanyika. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Wanahistoria wengi wa Kiislamu wanataja kuwa Hasan bin Ali, mjukuu wa Mtume (s.a.w.), alizaliwa katikati ya Ramadhani, mwaka wa 3 wa Hijra. Kwa kuwa usiku huu unaafiki tarehe hiyo, tumeona tulizungumzie neno moja ambalo babu yake alimpa mbele ya watu, akiwa mtoto mdogo aliye pamoja naye juu ya mimbari. Neno hilo ni «sayyid».

Ni neno tunalolitamka kila siku. Tunasema Sayyidna Muhammad, Sayyidna Abubakar, Sayyidatuna Fatima. Tunawataja watawala wa zamani wa Unguja kuwa ni Seyyid fulani na Seyyid fulani. Tunawaita Sayyid baadhi ya jamaa zetu waliomo humu ndani kwa kuwa nasaba yao inafika kwa Mtume (s.a.w.). Na hapa Uingereza tunapoishi, makarani hulikuta katika hati zetu wakalidhania kuwa ni jina alilopewa mtu siku ya akika, wakamwita mwenyewe Mista Sayyid, ambayo maana yake ni Bwana Bwana.

Basi tunauliza mambo mawili. Mwenye kuitwa sayyid anapata nini? Na anadaiwa nini? La kwanza tunalijua sote, maana tumelelewa nalo. La pili ndilo lililotuleta kwenye maudhui haya, kwa sababu neno hili katika jumuiya zetu limewapa baadhi ya watu fahari, na limewaachia wengine jeraha.

Tuanze na lugha. Sayyid hutokana na mzizi wa herufi tatu za Kiarabu: sin, waw na dal. Katika mzizi huo huo mna neno «aswad», yaani cheusi, na mna neno «sawad», ambalo miongoni mwa maana zake ni kundi kubwa la watu. Imamu Raghib al-Isfahani, katika kazi yake mashuhuri ya kufasiri misamiati ya Qur'ani, ameeleza kuwa sayyid ni yule mwenye kusimamia sawad, yaani mwenye kubeba mambo ya watu wengi. Tuliangalie hili vyema. Mtu aliye peke yake hawezi kuwa sayyid wa chochote. Neno lenyewe limejengwa juu ya mabega yanayobeba, na asiyebeba mzigo wa mtu, basi amebaki na herufi tupu.

Katika Qur'ani Tukufu neno hili limekuja mara tatu, na kila mara kwa sura yake.

Mara ya kwanza ni katika Surat Aal Imran, aya ya 39, pale Malaika walipombashiria Nabii Zakariya mtoto wake Yahya, na wakamsifu kuwa atakuwa sayyid. Yahya (a.s.) hakuwa na ufalme, hakuwa na jeshi, wala hakuacha kizazi. Basi usayyid wake ulikuwa ni upi? Wafasiri wa mwanzo wametaja elimu, ibada na upole. Imepokewa kutoka kwa Ikrima kuwa sayyid ni yule ambaye ghadhabu haimshindi. Nasi tumo katika mwezi ambao mfungaji ameamrishwa, akitukanwa au akichokozwa, ajibu kwa kusema kuwa amefunga. Kwa tafsiri hiyo ya Ikrima, kila mmoja wetu anapewa kwa siku thelathini mafunzo ya usayyid, na mlango wake hauulizi nasaba.

Mara ya pili ni katika Surat Yusuf, aya ya 25, ambapo mume wa yule mwanamke wa Misri ametajwa kuwa ni sayyid wake, wakamkuta mlangoni. Hapa sayyid ni mume. Sisi Waswahili hatustaajabu, kwa kuwa neno letu «bwana» limekwenda njia hiyo hiyo hatua kwa hatua. Tunasema Bwana Mtume kwa utukufu. Tunasema bwana harusi. Mke humtaja mumewe kuwa ni bwana wake. Tunamwita mtu tusiyemjua barabarani bwana, kwa adabu tu. Na zama zilizopita, mtumwa alimwita bwana yule aliyemmiliki. Neno moja limekusanya mapenzi, heshima, ndoa na minyororo. Tutarudi kwenye minyororo.

Mara ya tatu ni katika Surat al-Ahzab, aya ya 67, na hapo ndipo penye khofu. Watu wa motoni watalalamika kwa Mola wao kuwa waliwatii mabwana zao na wakubwa zao, nao wakawapoteza njia. Neno lililotumika kwa hao mabwana ni «sada», ambalo ni wingi wa sayyid. Kwa hiyo Qur'ani imelitumia neno hili kwa Nabii aliyetakasika, na imelitumia kwa viongozi ambao wafuasi wao watawashitaki Siku ya Kiyama. Herufi ni zile zile. Kilichowatenganisha ni vile kila mmoja alivyowapeleka watu waliokuwa nyuma yake.

Tukija kwenye Sunna, tunaona kuwa Mtume (s.a.w.) alilishika neno hili kwa uangalifu mkubwa. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa ujumbe wa Banu Amir ulipomjia ukamwambia kuwa yeye ni sayyid wao, aliwajibu kuwa Sayyid ni Allah, akawatahadharisha wasiruhusu shetani kuwaburura kwa maneno ya kusifu. Lakini pia imesihi kuwa yeye mwenyewe alisema kuwa ndiye sayyid wa watu Siku ya Kiyama. Je, kuna mgongano? Wanazuoni wamesema hapana. Wale alikhofia wasije wakavuka mpaka, nao ni wageni katika Uislamu. Na pale alipojitaja, katika riwaya ndefu iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, alifuatisha kwa kueleza sababu: ni siku ambayo watu watahangaika kutoka kwa Nabii mmoja hadi mwengine wakitafuta wa kuwaombea, na kila mmoja atawaelekeza kwa mwenziwe, mpaka wafike kwake. Hapo ataanguka kusujudu na kuomba kwa ajili ya umma. Basi hata usayyid ulio mkubwa kuliko wote umefasiriwa kwa kusimama kwa ajili ya wengine, siku ambayo kila mtu anajisemea nafsi yake.

Imamu Bukhari amepokea katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad kuwa Mtume (s.a.w.) aliwauliza Banu Salama, ukoo wa Kiansari hapo Madina, ni nani sayyid wao. Wakamtaja Jadd bin Qays, wakaongeza kuwa wanamwona ni bakhili. Mtume (s.a.w.) akawauliza ni maradhi gani yaliyo mabaya kuliko ubakhili, akawaambia kuwa sayyid wao ni Amr bin al-Jamuh. Amr alikuwa mtu mwenye ulemavu wa mguu, mkarimu, naye alikufa shahidi Uhud. Zingatieni, ndugu zetu. Cheo kilihamishwa katika kikao kimoja, kutoka kwa mwenye kukishika hadi kwa mwenye kukistahiki, na kosa lililokiondosha lilikuwa ni mkono uliofumbwa.

Na hapa ndipo tunapomfikia Hasan (r.a.). Katika Sahih al-Bukhari imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa juu ya mimbari na Hasan yuko ubavuni pake, mara akiwatazama watu, mara akimtazama yeye. Akasema kuwa mwanawe huyu ni sayyid, na kuwa huenda Mwenyezi Mungu akayapatanisha kwa sababu yake makundi mawili makubwa ya Waislamu. Miaka ikapita. Mwaka wa 41 wa Hijra, Hasan aliyekwisha kupewa baia, na aliye na jeshi nyuma yake, akaacha ukhalifa ili damu ya Waislamu isimwagike. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini bishara ya utotoni ilikuwa imekwisha kulifasiri tendo lake. Angeweza kutosheka na kuwa mwana wa Fatima. Nasaba ilikuwa nayo, na hakuna nasaba iliyo juu ya hiyo. Hata hivyo, babu yake alipomwita sayyid aliifungamanisha sifa hiyo na suluhu. Hasan akalithibitisha jina lake siku alipokubali kupoteza kiti.

Sasa turudi kwenye minyororo, maana tukiliruka jambo hili tutakuwa tumesema nusu ya haki.

Katika jamii ya Waarabu wa kale, sayyid alikuwa pia ni mmiliki wa mtumwa. Imesihi kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakataza watumwa wasiwaite wamiliki wao kwa neno «rabb», Mola, akawaruhusu kusema sayyid, na akawakataza wamiliki wasiseme «mtumwa wangu» na «mjakazi wangu», ila waseme «kijana wangu» na «msichana wangu». Lugha iliposhushwa kwa wenye nguvu na kupandishwa kwa wanyonge, nyoyo nazo zilitakiwa zifuate. Na zilifuata. Umar bin al-Khattab (r.a.), Mkureishi wa Banu Adiy na Amiri wa Waumini, alikuwa akimtaja Abubakar kuwa ni sayyid wetu, na kuwa ndiye aliyemwacha huru sayyid wetu, akimkusudia Bilal. Bilal aliyetokana na mama wa Kihabeshi, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto Makka na mtu aliyejiita bwana wake. Jina lile lile la mmiliki likavuliwa kwa mmiliki likavishwa aliyemilikiwa, na aliyemvisha ni Umar.

Hiyo ndiyo dini. Tuangalie na historia yetu.

Neno hili lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia mbili, na mara nyingi vijana wetu huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya nasaba. Sayyid Ahmad bin Isa, anayejulikana kwa jina la al-Muhajir, alihama Basra katika karne ya 4 ya Hijra akaishia Hadhramaut, na kutoka kwenye kizazi chake wakatoka Baalawi, ambao baadhi ya koo zao, kama Jamalilleil na Sheikh Abubakar bin Salim, zilienea Komoro, Lamu, Mombasa na Unguja. Sisi huwaita masharifu. Katika Hijazi ilizoeleka kumwita Sharif aliyetokana na Hasan, na Sayyid aliyetokana na Husein. Pwani hatukushika tofauti hiyo.

Njia ya pili ni ya utawala. Wakuu wa Al Busaidi wa Oman, baada ya kuondokewa na cheo cha uimamu, walijulikana kwa cheo cha Sayyid, na mashuhuri wao kwetu ni Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi alipofariki baharini 1856, na aliyeifanya Unguja kuwa makao yake. Hadi leo, nchini Oman, watu wa nyumba hiyo hutajwa kwa Sayyid na Sayyida. Hapo neno halidai kizazi cha Mtume (s.a.w.); ni heshima ya ukoo wa utawala. Na katika nchi nyingi za Kiarabu sasa, «as-sayyid» ni bwana yeyote, hata mwenye duka. Huko Maghrib husemwa «Sidi», na Andalusia neno hilo lilimfuata hata shujaa wa Kihispania Rodrigo Díaz de Vivar, aliyekufa 1099, ambaye mpaka leo anaitwa El Cid.

Katika pwani yetu, enyi ndugu, masayyid wa nasaba na masayyid wa utawala waliishi katika jamii iliyokuwa na watumwa, na wengi katika wao, pamoja na waungwana wengine, walimiliki watu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja 1873, na hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria 1897. Sheria iliondoka. Minong'ono haikuondoka. Iliingia mifukoni mwetu, ikapanda ndege pamoja nasi, na leo bado inasikika katika kumbi zetu za harusi: huyu ni wa nani, babu yake alikuwa wa nani. Kijana aliyezaliwa hapa, asiyewahi kuona mnazi, hukuta mlango wa posa umefungwa kwa neno ambalo wazee wake walikwisha kulia kwalo.

Lakini pwani hiyo hiyo imetuonyesha pia namna ya kuubeba usayyid. Habib Saleh, Sayyid Salih bin Alawi Jamalilleil, aliyetoka Komoro akahamia Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19, alikuwa na nasaba ambayo ingemtosha kukaa barazani akabusiwa mkono. Yeye akaelekea Langoni, akakaa na watu waliodharauliwa, wakiwemo waliotoka katika utumwa, akawafundisha dini na elimu ambayo wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwapa. Wapo waliochukizwa naye. Msikiti wa Riyadha ulikuwa ndio matunda yake, na hadi hii leo watu husafiri kwenda Maulidi ya Lamu. Waliomchukia hatuwajui majina.

Na kuna mfano mwengine, wa tahadhari. Huko Java, Waarabu wa Hadhramaut walizozana mwanzoni mwa karne ya 20 juu ya ndoa za masharifa na kubusiana mikono. Sheikh Ahmad Surkati, mwanachuoni wa Kisudani, akatengana na wenziwe, na 1914 kikaanzishwa chama cha Al-Irshad mjini Batavia. Baadaye ugomvi ukafika hadi kwenye neno lenyewe: kama sayyid ni cheo cha kizazi maalumu, au ni «bwana» wa kila mtu. Watu wa mji mmoja, lugha moja na kibla kimoja wakasusiana kwa miaka mingi. Nasi jumuiya yetu hapa ni ndogo kuliko yao.

Basi tufanye nini? Tunausia mambo matatu.

La kwanza: heshima ya kizazi cha Mtume (s.a.w.) ibaki mahala pake. Kuwapenda Aali zake ni katika kumpenda yeye, na kila tunaposali tunawaombea. Asitoke mtu hapa akasema kuwa tumewavunjia heshima masharifu. Anayemkebehi sharifu kwa nasaba yake, naye anafanya ubaguzi ule ule kwa kuugeuza. Na wale wetu wasemao «Sayyidna» katika tashahhud, na wale wanaobakia na lafudhi iliyopokewa, wote wana wanazuoni wao, tusigombane kwalo.

La pili: aliyezaliwa na cheo hiki akihesabu kuwa ni deni. Imeenea ndimini mwa watu kauli kwamba sayyid wa watu ni mtumishi wao. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, kwa hiyo hatuinasibishi kwa Mtume (s.a.w.), lakini maana yake imeungwa mkono na yote tuliyoyataja. Wazee wa Kiswahili wamekwisha kutufupishia: uungwana ni vitendo. Neno muungwana nalo lilikuwa ni jina la tabaka, la mtu asiye mtumwa. Watu wetu wakalivua tabaka, wakalivisha tabia.

La tatu, na ndilo zito: katika ndoa za wanetu tuuangalie mfano wa Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureishi. Alipoposwa na watu mashuhuri, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza kwa Usama bin Zayd, mtoto wa aliyekuwa mtumwa. Mwanzo hakupendezwa. Kisha akatii, na mwenyewe akaja kusimulia, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kuwa Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa hiyo hadi akaonewa wivu. Mafakihi wamezungumza mengi juu ya kafaa, yaani kulingana kwa wachumba, na wametofautiana, hatuwadharau. Lakini aliyekuja kuposa kwa dini na tabia njema, akarudishwa kwa minong'ono ya utumwa wa babu yake, huyo amerudishwa kwa jambo ambalo Umar alilizika siku alipomwita Bilal sayyid. Tunawaomba wazee, kabla ya kusema «hapana», watamke sababu yao kwa sauti, mbele ya kijana, nao wamo katika swaumu. Ikiwa haitamkiki, basi wajue ina kasoro.

Tumalizie kwa zawadi. Ipo dua ambayo Mtume (s.a.w.) ameiita Sayyid al-Istighfar, bwana wa dua zote za kuomba maghufira, iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Shaddad bin Aws. Ukiitazama utaona inaanza kwa mja kukiri kuwa Allah ndiye Mola wake, na kuwa yeye ni mja wake, kisha anakiri neema alizopewa na dhambi alizozifanya. Dua iliyopewa cheo cha usayyid imejaa unyenyekevu tangu mwanzo hadi mwisho. Tuihifadhi, tuisome asubuhi na jioni, na tuwafundishe wanetu katika nusu hii iliyobaki.

Ewe Mola wetu, turuzuku mapenzi ya Mtume wako na Aali zake, na utuwezeshe kuwahishimu waja wako wote. Ponya majeraha ya wazee wetu waliodhalilishwa, na uwasamehe wazee wetu waliodhalilisha. Jaalia katika vizazi vyetu wapatanishi. Tukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu, na utufikishe usiku wa Laylatul Qadr nasi nyoyo zetu zimesafika baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.